Kichujio peke yake hakimkingi mgonjwa wa mshipa wa shingo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kuzibua mshipa wa shingo kwa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachoachwa ndani kuushikilia mshipa wazi, imemwachia msomaji picha kwamba kichujio kikishafunguka juu ya palipoziba, hatari ya kiharusi imekwisha. Haijaisha, na mgonjwa anayetia saini ya kukubali tiba hii ana haki ya kuelezwa.

Utando unaoziba mshipa huo ni mchanganyiko wa mafuta, chokaa na damu iliyoganda. Ukiguswa humeguka, na chembe zake hupanda moja kwa moja kwenye ubongo. Kichujio ni kifuko cha kuzinasa, kilichofungwa kwenye waya mwembamba, chenye matundu ya takriban maikroni (elfu moja ya milimita) 100 hadi 140. Chembe ndogo kuliko hapo hupita. Tena, ili kifike kinapotakiwa kukaa, lazima kwanza kipenyezwe katikati ya utando wenyewe, na dakika hiyo hakuna kinga yoyote. Kabla ya hapo, katheta, yaani mrija wa kupitishia vifaa, iliyoingilia kwenye kinena imeshapita kwenye upinde wa aota, mshipa mkuu utokao moyoni, ambao kwa wazee mara nyingi umejipinda na una utando wake. Ndiyo maana wapo wanaopata kiharusi upande wa ubongo usiolishwa na mshipa unaotibiwa.

Ipo njia ya kusimamisha damu kabla utando haujaguswa. Puto moja huziba mshipa mkuu wa shingo, jingine huziba tawi la uso. Stenti ikishawekwa na kutanuliwa, daktari huvuta damu kwa bomba la sindano, kwa kawaida mara tatu, mililita 20 kila mara, akaipitisha kwenye wavu kuangalia makombo. Bado yanaonekana? Anavuta tena; puto halilegezwi mpaka damu itoke safi. Katika utafiti wa PROFI wa mwaka 2012, uliokuwa na wagonjwa 62 tu, picha za MRI zilionyesha madoa mapya ya ubongo, yaani sehemu ndogo zilizokosa damu, kwa asilimia 87 ya waliowekewa kichujio na asilimia 45 ya waliozibwa kwa puto. Mengi ya madoa hayo hayana dalili, lakini sisi hatuyaoni kuwa ya kupuuzwa. Njia hii nayo ina gharama: mrija wake ni mnene, na mgonjwa ambaye mishipa ya ubongo wake haisaidiani vizuri huanza kupoteza fahamu damu inaposimama.

Kwa mwenye aota mbovu tunaona afadhali mkato mdogo juu ya mtulinga, mrija uingie shingoni moja kwa moja, na damu irudishwe nyuma kupitia chujio hadi kwenye vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya paja. Upinde wa aota hauguswi kabisa.

Kichujio kikichaguliwa, kipimo ndicho kila kitu. Kikiwa kidogo, chembe hupita pembeni. Kikiwa kikubwa mno, hujikunja au mshipa hujibana. Kikae sehemu iliyonyooka. Kikijaa, picha huonyesha damu imesimama, na hapo ndipo kosa baya hutokea: kukivuta haraka. Makombo humwagika kinapofungwa. Kwanza ivutwe damu iliyotuama chini yake, ndipo kitolewe. Puto la mwisho la kutanua stenti ndilo humegua chembe nyingi kuliko hatua nyingine, kwa hiyo litumike mara moja, taratibu, hata kama mshipa utabaki umebana kwa asilimia 20 au 30. Stenti hizi huendelea kujifungua zenyewe.

Mgonjwa aulize pia kama upasuaji wa kukwangua utando haumfai zaidi, hasa akiwa amevuka miaka 70. Katika utafiti wa CREST wa mwaka 2010, wenye watu 2,502, kiharusi cha kipindi cha tiba kilikuwa asilimia 4.1 kwa stenti na 2.3 kwa upasuaji. Shambulio la moyo lilikuwa 1.1 dhidi ya 2.3.

Na chembe haziishi siku ya tiba. Utando huweza kujipenyeza kati ya nyuzi za stenti siku kadhaa baadaye, na damu huweza kuganda juu ya chuma. Aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, zianze siku kadhaa kabla, na zote mbili ziendelee angalau wiki nne. Baada ya hapo aspirini hubaki. Anayeona michubuko ngozini ampigie daktari wake kabla ya kuacha hata kidonge kimoja.