Wapimaji wa kichocho wafike hadi mwaloni

Mhariri,

Mimi ni mzazi huku Ukerewe. Naomba wataalamu wanaokuja kupima minyoo na kichocho wasiishie kwenye shule za kando ya barabara. Kichocho hakienei sawasawa: shule ya ufukweni inaweza kujaa wagonjwa, ya mlimani ikawa na wachache, na wastani wa wilaya ukawaficha watoto wetu. Tena huku ziwani mayai ya kichocho cha tumbo hutafutwa kwenye kinyesi, si kwenye mkojo kama kile cha kibofu cha Pemba.

Na wale watoto wanaoshinda mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotua, kwenye dagaa badala ya darasani? Hao ndio wanaokanyaga maji kutwa, ilhali prazikwanteli, dawa ya kichocho, hugawiwa shuleni. Nao waandikwe, wapimwe, wapewe dawa.

Mzazi, Ukerewe