Nagoya inatuletea magari, ila kijiji cha jirani ndio kilinishangaza

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, kwetu Temeke ila kwa sasa nipo Aichi, Japani, nafanya kazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Nimeamua kuandika kwa sababu kila ikija mada ya bandari watu tunabishana nani aendeshe, mgeni au mzawa, tunabishana mpaka jasho, halafu hakuna anayeuliza yule anayeishi jirani na geti la bandari anabaki na nini. Hilo ndilo linaloniuma mimi.

Huko nyumbani jina la Nagoya wengi wanalikuta kwenye makaratasi ya gari tu, ukishaambiwa limepakiwa Nagoya unaanza kuhesabu siku mpaka meli ifike Dar au Mombasa. Kumbe hii ndio bandari inayopitisha mzigo mwingi kuliko zote Japani, imeshika nafasi hiyo tangu 2002, tani zaidi ya milioni 150 kwa mwaka, na sababu kubwa ni kwamba mgongoni mwake kuna viwanda vya Toyota na mamia ya viwanda vidogo vinavyomlisha Toyota vipuri. Magari zaidi ya milioni moja yanatoka hapa kila mwaka kwenda dunia nzima. Sisi wa IST na Noah zilizotumika tunajibanza humo humo.

Siku ya kwanza nilipokwenda gatini kupeleka magari yetu nilisimama nikasahau hata kilichonileta. Meli ya magari ukiiona utadhani ni ghorofa lisilo na madirisha limewekwa juu ya maji, mlango wake wa nyuma umelala chini kama ulimi na magari yanaingia moja moja, umbali ule ule kati ya gari na gari. Ndani sikuingia, ila jamaa mmoja aliyewahi kufanya hiyo kazi alinieleza, kuna mtu anasimama na filimbi anamwongoza dereva, gari linasogezwa mpaka ubavuni panabaki nafasi ya kiganja tu, vioo vya pembeni vimekunjwa, dereva anajipenyeza kutoka, wengine wanakuja kulifunga gari sakafuni kwa mikanda, halafu madereva wote wanapanda kibasi kurudi kuchukua mengine. Hivyo hivyo mpaka jioni, na ukisimama nje husikii mtu akifokewa.

Sisemi kwamba hawakwami. Julai 2023 wahalifu wa mtandao waliufunga mfumo wa kompyuta unaoendesha vituo vyote vya kontena hapa, printa ikatoa karatasi ya kudai pesa, na kazi ya kontena ikasimama kuanzia alfajiri ya tarehe 4 mpaka tarehe 6 mchana ndio malori yakaanza tena kuingia.

Na msidhani walizaliwa nayo. Ghuba yenyewe ina kina kifupi, ilibidi wachimbe na kufukia, kazi ilianza 1896 na wananchi wengi waliona ni pesa inatupwa baharini. Mwaka 1906 kulikuwa na meli inaitwa Rosetta Maru, ilikodiwa na gazeti moja la Tokyo kuzunguka pwani ya Japani na maonyesho ndani yake, haikupangwa kuingia Nagoya, lakini injinia wa bandari Okuda Sukeshichiro akamfuata nahodha na vipimo vya kina cha njia mpaka akamshawishi. Meli ikaingia salama, watu wakajazana kuiona, na mwaka uliofuata, Novemba 1907, bandari ikafunguliwa rasmi. Mhariri, hapo gazeti lilihusika, naomba ulikumbuke hilo ukifika mwisho wa barua yangu.

Sasa nije kwenye kijiji. Bandari imeenea kwenye miji minne na kijiji kimoja, kinaitwa Tobishima. Watu wake hawafiki 5,000, hakina hata stesheni ya treni, mimi nilikwenda kwa basi. Upande wa kaskazini ni mashamba ya mpunga kabisa, nyumba za chini chini, watoto wanatoka shule na baiskeli na helmeti kichwani, halafu ukishuka kusini unakutana na kreni, maghala, kontena zimepangwa mpaka jicho linachoka, mtambo mkubwa wa umeme wa gesi na kiwanda ambacho roketi za Japani zinaunganishwa. Vyote hivyo vimekaa kwenye ardhi ya kijiji hicho.

Huku kodi ya ardhi, majengo na mitambo haiendi serikali kuu, inabaki kwa halmashauri ya pale pale mali ilipo, kiwango cha kawaida ni asilimia 1.4 ya thamani kila mwaka. Kreni ikisimama Tobishima, Tobishima inakula. Ghala likijengwa, Tobishima inakula. Matokeo yake kijiji cha wakulima wa mpunga kwa miaka mingi kipo juu kabisa kwenye orodha ya halmashauri zenye uwezo wa kifedha Japani nzima, hakipokei ile ruzuku ya serikali kuu ya kusawazisha mapato ambayo halmashauri nyingi sana hapa zinaitegemea. Wanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari ya chini wanapelekwa Marekani, mji wa Rio Vista huko California, kijiji ndicho kinacholipa, na anayekwenda ni mtoto wa mkulima wa kawaida tu.

Na hawa watu bahari imewatesa. Tarehe 26 Septemba 1959 kimbunga kilisukuma maji ya ghuba yakaingia nchi kavu usiku, walikufa zaidi ya watu 5,000, na Nagoya kilichoua wengi ni magogo yaliyokuwa yamehifadhiwa kwenye mabwawa ya bandari, maji yaliyabeba yakaenda kubomoa nyumba za watu wamo ndani. Tobishima nayo ilizama. Baada ya pale walijenga ukuta wa kuzuia maji baharini mbele ya bandari, ukakamilika 1964, na hifadhi ya magogo ikahamishwa mbali na makazi. Yaani bandari iliwadhuru majirani zake, ikabadilishwa kwa ajili yao.

Hata usimamizi upo karibu na wananchi. Tangu 1951 bandari ipo chini ya mamlaka ya pamoja ya mkoa wa Aichi na jiji la Nagoya, gavana na meya wanapokezana uongozi kila baada ya miaka miwili, wote wawili wamechaguliwa kwa kura na watu wa hapa hapa. Kreni kampuni zinaendesha, sawa, lakini mwenye bandari anajulikana na anapatikana.

Mimi nimekulia kando ya barabara ya malori ya mizigo. Mama alikuwa anafuta meza asubuhi, ukija mchana unaandika jina lako kwenye vumbi. Usiku nyumba inatetemeka tumelala. Kontena zilizopita mbele ya mlango wetu sijui zingefika wapi ukizipanga, na shule niliyosoma tulikaa chini mpaka darasa la tano. Nilipokuwa kwenye lile basi la Tobishima naangalia wale watoto na helmeti zao, nilimkumbuka mama na lile tambara lake, roho ikaniuma kwelikweli.

Ndio maana Mhariri naomba kitu kimoja. Mtume mwandishi Kurasini, mwingine Kigamboni, na wenzenu wa Mombasa wamtume wa kwao Likoni, wafungue vitabu vya halmashauri watuandikie kwa shilingi, mwaka jana zimeingia ngapi kutokana na bandari, na zimejenga madarasa mangapi kwenye mitaa ambayo malori yanapita. Mkichapisha nitalitafuta hilo gazeti hata kama nipo huku.

Msomaji wenu,
Aichi, Japani