Barua ya wazi kwa Kamishna wa NBA: tuambie bei ya kila kosa

Kwako Kamishna Adam Silver, mkuu wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani,

Salamu kutoka Dar. Kiswahili najua hukisomi ila watu wa kukutafsiria hawakosekani, na sisi huku tuna haki ya kusema maana fainali zenu zikianza saa mbili na nusu usiku New York kwetu inakua saa tisa na nusu usiku, tunakesha kwa bando letu wenyewe, asubuhi kazini macho mekundu kama tumetoka msibani. Niseme kabisa mapema mimi ni shabiki wa timu ya Golden State, usije ukaambiwa baadae.

Marefa kukosea sina ugomvi nako sana. Tarehe 28 Januari 2023 pale Boston, Jayson Tatum wa Boston kampiga LeBron James wa Lakers mkono kwenye leyapu ya mwisho, lile shuti la karibu na goli, dunia nzima imeona, marefa watatu hawajaona, mwenzake Patrick Beverley akachukua kamera ya mpiga picha akampelekee refa ajionee mwenyewe, akala teknikali, ile faulo ya utovu wa nidhamu, Lakers wakafa kwenye muda wa nyongeza. Baadae ligi ikakiri kweli ilikua faulo. Basi, refa ni mtu, anaamua kwa sekunde moja na watu wanamzomea. (Beverley nilimcheka mpaka nikaamsha nyumba nzima.)

Mimi shida yangu ni ofisini kwako. Ofisi haina haraka, ina video za kila upande, ina siku nzima ya kukaa na kufikiria, alafu ndio inatoka na adhabu ambazo hata ukizipanga mezani huoni zinafanana wapi.

Chukua mwaka 2024 peke yake. Mwezi wa tatu Rudy Gobert wa Minnesota alimsugulia refa vidole, ile ishara ya hela ambayo hata Kariakoo hakuna asieijua, mkampiga faini ya dola 100,000. Mwezi wa tano Jamal Murray wa Denver amekaa benchi, karusha taulo, karusha na ile pakiti ya kupashia misuli joto ikatua uwanjani mechi inaendelea, watu wanakimbia humo humo. Faini dola 100,000. Hakufungiwa hata mechi moja, game iliyofuata huyo yupo. Tena alikua anacheza na Minnesota hao hao, ingawa Gobert siku hiyo hakuwepo, alikua kapata mtoto. Sasa nieleze taratibu mzee wangu, kusugua vidole na kutupia watu kitu miguuni ni bei moja?

Najua jibu, mtasema Gobert ana historia ya kuwasema marefa. Haya tuje kwenye historia, na hapa namtaja wa kwetu. Aprili 2023 Draymond Green alimkanyaga Domantas Sabonis kifuani, kifua cha mtu mzima kama mkeka, akafungiwa mechi moja, na mkasema mmezingatia na historia yake. Novemba akamkaba shingo huyo huyo Gobert, mechi tano. Desemba akamtandika Jusuf Nurkić usoni, mkasema kafungiwa bila kikomo, na kikomo kilivyopatikana ikawa mechi 12. Mimi shabiki wake nakwambia ile ya Sabonis tulipendelewa. Kama historia inahesabika inahesabikaje? Kosa la pili unazidisha mara mbili, mara tatu, au mnaangalia siku hiyo watu wamekasirika kiasi gani mtandaoni? Na hiyo "bila kikomo" ndio nini, adhabu gani isiyo na namba?

Alafu kuna siku mnakua wakali mpaka mnatisha. 2007 wewe ukiwa naibu kamishna, Robert Horry wa San Antonio alimsukumiza Steve Nash wa Phoenix kwenye meza ya pembeni ya uwanja, wenzake Amar'e Stoudemire na Boris Diaw wakainuka benchi hatua chache tu wakarudi, hawajamgusa mtu, wakafungiwa mechi moja kila mmoja kwasababu sheria inasema ukitoka benchi kwenye vurugu umekwisha. Phoenix wakafungwa mechi hiyo waliyoikosa 88-85 na mwisho wakatolewa. Na 2016 uwanjani marefa hawakuita flagranti, yaani faulo ya ukatili, kwa Draymond, ofisi ndio ikaipandisha baada ya mechi, zikatimia pointi nne za flagranti ambazo ukizifikisha unafungiwa, akakosa mechi ya tano ya fainali tukiwa tunaongoza 3-1. Kilichofuata sitaki kukiandika.

Huku kwetu trafiki akikukamata na gari faini unaijua, ulie ucheke ni ile ile. Na uwanjani kwetu mtaani hatuna hata refa, kila mtu anaita faulo yake na kelele zinakua nyingi kweli, lakini ukirusha mpira kwa hasira unaenda kununua maji ya wote, uwe dogo wa juzi au uwe ndio mwenye mpira. Tumeshawahi kukaa tunamsubiri mwenye mpira arudi na maji.

Sisemi muwe wakali, sisemi muwe wapole. Kwenye teknikali mbona mmeweza, ya 16 kwenye msimu mtu anajua kakosa mechi, hakuna kuitana ofisini, hakuna historia. Andikeni na haya mengine hivyo hivyo. Kwahiyo Kamishna mimi nina swali moja tu, msimu ujao nikitaka kujua kurusha kitu uwanjani ni mechi ngapi, niangalie ukurasa wa ngapi?