Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari ya Mto Yukon na Hali ya Chama Chetu cha Kayaki

Ndugu wanachama,

Kwanza namshukuru Mungu kwamba sote tisa tuliokwenda na kayaki, yaani mitumbwi myembamba ya kupiga kasia, Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, mwezi wa Juni tulirudi Edmonton salama. Shughuli nyingine mnazijua: mazoezi ya Jumamosi, usafi wa stoo, futari ya pamoja na nyama choma ya Septemba. Zote zilifanyika.

Naomba nilieleze suala la Carmacks, kijiji cha kando ya mto tulikoikatisha safari, maana maneno yamekuwa mengi na mengi yamesemwa nisipokuwepo: wapo wanaouliza kwa nini sikuwaamini waendelee, na wapo wanaodai warudishiwe nusu ya mchango wao wa safari. Tulipanga kushuka Mto Yukon kutoka Whitehorse hadi Dawson, kilomita 715 hivi, kwa siku 16. Tukaishia Carmacks, hata nusu ya njia hatukufika. Uamuzi ule ulikuwa wangu, na sijutii.

Siku ya pili tuliingia Ziwa Laberge, lenye urefu wa kilomita 50 hivi, ambako mkondo unakufa na kinachokusogeza ni mkono wako tu. Saa tisa alasiri upepo ukaamka. Ziwa lile limebanwa na milima huku na huku, mawimbi yakaanza kuvunjikia juu ya kayaki. Mwenzetu mmoja hakuwa amefunga turubai la kiunoni, lile linaloziba mdomo wa kayaki maji yasiingie, maji yakamjaa hadi mapajani. Tulipomvuta ufukweni vidole vilikuwa vimekufa ganzi, hawezi hata kufungua kifungo cha jaketi okozi. Nilimfungulia mimi, nikamvisha sweta langu la sufu, nikamshikia kikombe cha chai mdomoni kwa sababu akikishika mwenyewe kinamwagika chote. Barafu ya ziwa lile huondoka mwishoni mwa Mei au mapema Juni. Maji yale si ya kuchezea.

Nikasema tukae. Tulikaa siku mbili na nusu, mbu wakitula, vyakula tumevitenga mbali na mahema kwa kuogopa dubu. Wapo walionuna. Upepo ulipotulia nikawaamsha saa tisa usiku, kukiwa na mwanga wa kutosha kuonana nyuso, tukavuka kwa kufuata ukingo. Baada ya hapo mto ulitubeba vizuri, maji safi mpaka unaona mawe chini, na hadi Hootalinqua, pale Mto Teslin unapoingia, hakuna aliyelalamika.

Carmacks tulifika siku ya tisa. Zimebaki karibu kilomita 400 na siku saba. Fanyeni hesabu: ni zaidi ya kilomita 56 kila siku, na sisi siku zetu nzuri hazikuzidi 50. Mbele kidogo kuna maporomoko ya Five Finger, ambapo visiwa vya mawe vinaugawa mto njia tano na ya kupita ni ya kulia. Ukishapita Minto, mbele zaidi ya maporomoko hayo, barabara kuu inauacha mto mpaka Dawson. Mtu akipigwa tena na baridi kule, gari la kumfuata halipo. Najua wengi walitamani kuiona Fort Selkirk, kituo cha biashara cha tangu 1848, na Dawson yenyewe, mji wa dhahabu iliyogunduliwa 1896. Hata mimi nilitamani, tena mimi ndiye niliyeendesha gari sehemu kubwa ya zile kilomita karibu 2,000 za kwenda.

Sasa niseme linaloniuma. Mazoezi ya kupinduka na kujiokoa tuliyafanya mara sita bwawani wakati wa baridi. Kati ya wasafiri tisa, wanne tu walikuja zaidi ya mara mbili. Turubai la kiunoni hufundishwa siku ya kwanza kabisa. Siku ile tulikuwa watano, mimi na Katibu tukiwamo. Wanaouliza kwa nini mwenyekiti hakuwaamini watu wake kwenye maporomoko, wajiulize walikuwa wapi Januari.

Upande wa fedha: tumeandikishwa wanachama 43, ada dola 60. Waliolipa yote ni 18, nusu ni 7, na 18 hawajatoa chochote. Tumekusanya dola 1,290, bwawa dola 700, ukarabati wa kayaki tatu 265, majaketi okozi manne 240, zimebaki 85. Safari ilikuwa na mfuko wake, dola 1,200 kwa mtu. Zilizobaki 810 nilizigawa, dola 90 kila mmoja, ndani ya wiki mbili baada ya kurudi. Wanaodai nusu ya mchango wao waelewe kwamba waliotukodisha kayaki hawakurudisha pesa za siku tulizozikatisha, na risiti zote anazo Mweka Hazina. Kati ya hao wanaodai, wawili hawajalipa ada ya mwaka huu.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kuongeza mazoezi, na Mungu akipenda tuanzie Carmacks kwenda Dawson. Tarehe tutapanga watu wakijitokeza. Mkutano mkuu uliopita tulikuwa 11.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti