Barua kwa vijana wa jumuiya yetu: padre haitwi kuzika tu

Wajukuu zangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua hii nimekaa nayo wiki tatu nikingoja hasira ipoe. Haijapoa, basi pokeeni hivyo hivyo.

Mnamkumbuka mzee mwenzangu tuliyemzika mwezi uliopita. Siku nne kabla hajafa nilikwenda kumjulia hali. Mlijaa chumbani, kila mmoja na simu yake. Mmoja wenu, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha hadi akapokea Komunyo ya kwanza, akasoma kwa sauti ujumbe wa kundi la michango: turubai mbili, viti mia tatu, mpishi bado. Mzee alikuwa macho. Alinitazama, kisha akaugeuzia uso ukuta.

Nikauliza, padre ameitwa? Kimya. Binti mmoja akanivuta pembeni: "Babu, tukimleta padre mzee ataogopa, atajua ndiyo basi tena." Ajue mara ngapi, na bei ya turubai ameshaisikia?

Woga huo ndio unaoniudhi kuliko yote. Mmerithi jina la zamani la sakramenti ya kumpaka mgonjwa mafuta, "mpako wa mwisho", mkalifanya hukumu ya kifo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulishasema mwaka 1963 kwamba jina linalofaa zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, na kwamba si wa wale tu walio ukingoni mwa kufa. Yakobo aliandika mapema zaidi: mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa Kanisa. Hakusema wasubiri mpaka akorome. Padre anampaka mafuta kwenye paji la uso na mikononi, na ugonjwa ukizidi anaweza kumpaka tena. Mimi nimeshapakwa mara mbili, ya kwanza kabla ya kupasuliwa ngiri, na bado nipo nawagombeza.

Siku ile niliwatoa nje, nikabaki na mke wake. Tukawasha mshumaa, tukaanza rozari polepole. Mzee alikuwa na siku mbili hajatamka neno. Tulipofika "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu", midomo ikaanza kucheza. Halafu nikaona kidole gumba chake kinatembea kwenye pindo la blanketi, kinasogea kidogo kila Salamu Maria, kama anahesabu punje. Sala ile aliisali tangu anachunga mbuzi. Jioni ile "sasa" na "saa ya kufa" vilikuwa vimekaribia kuwa kitu kimoja, naye hakuogopa. Alilala usingizi ambao mkewe alisema hajauona tangu mwezi uanze.

Nami nina kosa langu. Ningempigia padre simu mwenyewe usiku ule; niliona haya kuingilia mji wa watu. Nyinyi mkampigia siku ya nne, usiku wa mvua, naye ana vigango vingi, yaani makanisa madogo ya kuhudumia, na pikipiki moja. Alipofika mzee ameshakata roho muda mrefu. Sakramenti ni za walio hai. Alimwombea marehemu, akamfariji mjane, akaondoka, na mmoja wenu akanung'unika kuwa "amekataa kumpaka". Hakukataa. Mlichelewa.

Mengine nayataja tu. Komunyo ya mwisho ni masurufu ya safari. Iombeni mgonjwa angali anaweza kumeza. Litania ya Watakatifu na ile sala ya kuiaga roho, iende kwa jina la Baba aliyeiumba, haviwezi kusubiri barabara ikauke: katekista anaweza kuviongoza, hata wewe unaweza. Lowesheni midomo yake kwa pamba. Mmoja asali kwa sauti ya chini, wengine waitikie. Wauguzi husema masikio ndiyo hufa mwisho.

Na msimletee mtu wa kukemea "roho ya mauti" kwa kipaza sauti kitandani. Mgonjwa anayeambiwa anakufa kwa kukosa imani anabebeshwa mzigo wa pili. Lakini niseme nini, wakati siku hizi jeneza linachangiwa kwa siku moja na dawa ya maumivu haichangiwi mwezi mzima? Tumekuwa hodari wa maiti, wanangu. Mtu anayekufa tunamkimbia, maana hapigwi picha.

Basi na mimi niwaachie maagizo. Mshumaa wangu uliobarikiwa Februari 2 uko kwenye sanduku la bati, chini ya shuka. Ufunguo anao bibi yenu. Namba ya paroko nimeiandika kwa kalamu ukutani, juu ya kitanda, kwa tarakimu kubwa. Na kundi la michango lisifunguliwe mpaka bibi mwenyewe awaambie nimeacha kupumua.

Babu yenu,
katekista mstaafu