Mashine za vinywaji zije na chai yetu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mashine za vinywaji, zile ambazo mteja hujihudumia mwenyewe. Zamani zilipokea sarafu tu. Mwaka 1997 huko Helsinki, Finland, zikawekwa mashine za Coca-Cola zinazolipiwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Mwaka 2009 Marekani ikaona Freestyle, mashine ya Coca-Cola yenye kioo cha kugusa na vinywaji zaidi ya 100 vya kuchagua. Siku hizi nyingi zimeunganishwa na intaneti. Soda ikikaribia kuisha, mwenye mashine anajua akiwa ofisini kwake.

Sisi M-Pesa tunayo tangu 2008. Mama anayeuza parachichi Mwanjelwa analipwa kwa simu, kwa hiyo malipo si tatizo. Ombi langu kwa watakaoleta mashine hizi stendi za Mbeya na Iringa ni moja: wasituletee soda baridi peke yake. Abiria wa basi la alfajiri mwezi wa Julai anatetemeka! Anahitaji kikombe cha moto. Chai inalimwa Rungwe na Mufindi, kahawa Mbozi, na mashine za kusaga kahawa na kuitengeneza papo hapo zipo duniani miaka mingi.

Nina hofu na akina mama wanaouza chai stendi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo iwawezeshe akina mama hao kumiliki mashine wenyewe, kabla wenye mitaji mikubwa hawajawahi nafasi.

Msomaji wako,
Mbeya