Binti yangu aruke wapi, majini au sakafuni?

Mshauri wetu, pokea salamu kutoka Kisumu.

Nina binti wa miaka 13 anayeogelea kwa mashindano, mita 50 na 100 mtindo huru. Ziwa liko karibu nasi, lakini kwa kuogopa kichocho mazoezi yake yote hufanyia bwawani, na bwawa lenyewe ni la mita 25. Katika mita 100 anaruka mara moja kutoka jukwaani na kugeuka ukutani mara tatu. Mara hizo nne ni miguu inayosukuma, na akipitwa, hupitwa hapo. Mikono yake haina kasoro.

Kwa hiyo kocha alipoanzisha mazoezi ya miruko, yale wanayoita plaiometriki, nilifurahi. Wanashuka kutoka kwenye boksi, wanatua, na papo hapo wanaruka tena juu. Alinieleza kwamba msuli ukivutwa ghafla kisha ukajikunja bila kuchelewa, hufyatuka kama raba. Nilimwelewa vizuri. Shida yangu ni sakafu: wanaruka pekupeku kwenye saruji, mara tatu kwa wiki, wakati mwingine siku mbili mfululizo. Juzi niliketi kando nikahesabu miruko 140 ya binti yangu peke yake, kabla hajagusa maji.

Sasa ana uvimbe mgumu chini kidogo ya kifuniko cha goti, na akishuka ngazi anashika ukuta. Daktari alisema kano ya goti inavuta mfupa ambao bado unakua, jambo linalowapata sana watoto wa umri wake wanaorukaruka. Aliagiza miruko isimame hadi maumivu yapungue. Kuogelea aliruhusu, ila asijisukume ukutani kwa nguvu.

Kocha mwingine ananishauri kwamba akipona arukie majini, maji yakimfika kifuani, kwa kuwa hapo miguu hubeba kama theluthi tu ya uzito wake. Kocha wetu anakataa. Anasema maji humshikilia mtoto, anakawia kunyanyuka, na ule wepesi wa kufyatuka hauji. Kila mmoja nikimsikiliza namwona ana haki, na ndiyo maana silali.

Naomba unieleze: goti likitulia, aanze na majini kisha apande nchi kavu kidogo kidogo? Apumzike siku ngapi kati ya zoezi na zoezi? Je, nyasi au mkeka vitasaidia, au miruko yenyewe ndiyo imezidi?

Na nimwambieje kocha? Anajitolea, halipwi chochote ila nauli, na sitaki aone ninamdharau. Lakini usiku wa Jumapili nilimkuta binti yangu gizani akijichua goti kwa dawa. Akanishika mkono akasema, "Mama, tafadhali usimwambie kocha bado linauma. Ataniondoa kwenye relei."

Mama wa mwogeleaji,
Kisumu